UZI: Mfungwa akimaliza kifungo, aliyeumizwa naye anaambiwa na nani?

Mkaazi wa Mlaleo (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum wanajamvi, na wasio Waislamu habari zenu. Uzi huu ni mrefu, naomba usomwe hadi mwisho kabla ya kujibiwa.

Swali langu ni hili. Mtu akitoka jela, yule aliyeumizwa naye anapata habari kwa nani? Hapa Mombasa, ninavyoona mimi, anapata habari kwa macho yake mwenyewe, siku watakayokutana.

Mdogo wangu alikatwa panga jioni akirudi kutoka kazini, wakati ule vijana wa mapanga walipoitia hofu Kisauni na watu wakifunga maduka kabla ya magharibi. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki mpaka leo. Kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Kijana mmoja alishikwa, akashtakiwa kwa kujeruhi vibaya, na mdogo wangu akatoa ushahidi wakiangaliana ana kwa ana. Hukumu ikawa miaka tisa. Tukarudi nyumbani na hiyo tisa, tukaihesabu kwa kalenda ya ukutani.

Tisa haikufika. Mama alikwenda Kongowea kununua nyanya, akamwona kijana yule kwenye mkokoteni wa vitunguu, amenenepa, anaongea na watu. Mama aliacha kikapu pale pale kwa muuzaji akapanda tuktuk. Tangu hapo mdogo wangu hapiti njia ya sokoni, na kazi aliyokuwa akiiamkia alfajiri ameiacha kwa sababu saa hizo bado ni giza.

Nikaanza kuuliza. Kituoni nikaambiwa mambo ya wafungwa si yao, niende kortini. Kortini karani akanieleza kwamba faili lilifungwa hukumu ilipotoka. Jela nikaambiwa habari za mfungwa hazitolewi kwa mtu wa nje. Wote walinijibu kwa heshima na sidhani kuna aliyenidanganya. Ila katika wote hao hakuna hata mmoja ambaye kutuambia ilikuwa kazi yake.

Basi nikaketi nikasoma sheria yenyewe. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, kifungu cha 46, inasema mfungwa aliyehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja anaweza kupunguziwa thuluthi ya kifungo kwa bidii ya kazi na mwenendo mzuri. Ndipo tisa inapokuwa sita. Lakini kilichonishtua ni kile kinachofuata: mfungwa anapopokelewa jela, anaandikiwa punguzo lote siku ile ile ya kuingia, halafu akikosa nidhamu ndipo anapokonywa. Maana yake tarehe ya kutoka iko kwenye karatasi tangu mwanzo. Bwana jela anaijua. Mfungwa anaijua. Mamake mfungwa anaijua, maana anajiandaa kumpokea. Asiyeijua ni mwenye kovu.

Sisemi remisheni, yaani punguzo hilo, iondolewe. Mtu aliyefanya kazi na kunyooka huko ndani apunguziwe, ni haki yake. Ninachouliza ni hiki: kama tarehe inajulikana miaka yote hiyo, kuna uzito gani afisa mmoja akapewa jukumu, kwa maandishi, la kutupigia simu kabla ya siku yenyewe?

Wenye kujua sheria tusaidieni. Waliopitia haya pia waseme.

---

Kijana wa Likoni

Pole sana dada, na mpe pole mdogo wako. Mimi sina maneno mengi. Hakimu akisema tisa iwe tisa. Huyo aliyekatwa mkono amepunguziwa nini?

---

Wakili wa Treasury Square

Dada wa Mlaleo, pole kwa yaliyowapata. Nitaeleza sheria ilivyo, kisha niseme kinachopungua.

Katiba ya 2010, ibara ya 50(9), iliagiza Bunge litunge sheria ya kulinda haki na maslahi ya waathiriwa wa uhalifu. Bunge likatunga Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa, nambari 17 ya 2014. Kabla ya hapo mlalamishi kwa kawaida alikuwa shahidi tu: anaitwa, anasema aliyonayo, anaambiwa aende nyumbani. Sasa ana haki ya kusikizwa pale maslahi yake yanapoguswa, na kabla ya hukumu anaweza kutoa taarifa ya jinsi uhalifu ulivyomwathiri. Mahakama ya Juu ilikazia jambo hili Septemba 2020 katika kesi ya mauaji ambayo mshtakiwa alikuwa Joseph Lendrix Waswa. Ilisema familia ya marehemu inaweza kushiriki kupitia wakili wake, ila jaji ndiye anayepima kiasi, na wakili huyo hawezi kugeuka kiongozi wa mashtaka wa pili.

Sasa kuhusu kutoka. Kifungu cha 10 cha sheria hiyo ya 2014 kinasema usalama wa mwathiriwa na wa familia yake uzingatiwe wakati wa kuweka masharti ya dhamana na ya kuachiliwa kwa mkosaji. Kwa hivyo kuachiliwa kumetajwa. Kwenye dhamana kifungu hiki kinafanya kazi kwa sababu kuna kikao: hakimu yupo, kiongozi wa mashtaka yupo, afisa wa probesheni analeta ripoti, na hofu ya mlalamishi inasomwa mbele ya wote. Kwenye remisheni hakuna kikao. Asubuhi mtu anarudishiwa nguo zake, anatia sahihi kitabuni, anatoka. Haki ambayo haina kikao inahitaji afisa aliyetajwa kwa cheo chake, na kifungu cha 10 hakimtaji.

Tena remisheni si mlango pekee. Kanuni za Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 333(2), zinataka muda uliokaliwa rimandi uhesabiwe, kwa hivyo kama kijana yule alikaa rimandi kesi ikiendelea, sita yenu yenyewe ilikuwa pungufu. Kisha kuna Mahakama Kuu, ambayo kwa vifungu vya 362 hadi 364 inaweza kuliita faili la mahakama ya chini na kuipitia adhabu upya. Majaji hufanya hivyo hasa jela zinapofurika, na wenye vifungo vifupi humalizia nje kwa kazi za jamii chini ya sheria ya 1998. Kuna rufaa. Na kuna msamaha wa Rais, ibara ya 133, kupitia kamati ya ushauri. Someni ibara ya 133(4): kamati inaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa. Inaweza. Haijalazimishwa.

Mtakumbuka Oktoba 2016, hukumu za kifo za wafungwa 2,747 zilipobadilishwa kuwa kifungo cha maisha kwa siku moja. Hakuna aliyefunguliwa lango kwa uamuzi huo, lakini familia iliyosikia habari ile redioni ingejuaje?

Kijana wa Likoni, kifungu hicho hicho cha 46 kinawanyima remisheni wafungwa wa maisha na waliofungwa kwa unyang'anyi chini ya kifungu cha 296(1) cha Kanuni ya Adhabu. Si kila mtu anayepunguziwa.

---

Alitoka Shimo

Nimeusoma uzi huu zaidi ya mara moja kabla ya kuandika. Mimi nilifungwa Shimo la Tewa. Nilimjeruhi mtu kwa kisu kwenye ugomvi huko Magongo. Sitajitetea hapa, na dada, pole yangu kwako na kwa mdogo wako naitoa kwa moyo wote.

Nataka mjue upande ambao hamuuoni. Huko ndani nilifundishwa useremala. Nilianza na kupiga randa mbao za watu, mwisho nikawa naunga meza mwenyewe, na remisheni yangu sikupoteza hata siku. Tarehe ya kutoka niliijua kweli, kama dada alivyosema. Kila mfungwa anaijua yake na hailali akilini. Lakini siku yenyewe ilipokaribia nilikuwa na hofu kuliko niliyoingia nayo. Unarudi mtaa ule ule. Nyumba ya yule uliyemuumiza iko njia moja na msikiti unaoswalia. Ukimwendea kuomba radhi atadhani umekuja kumalizia. Usipomwendea, watu watasema jela haikumfunza kitu.

Mimi nilimtuma mzee wa mtaa aende kwanza. Alikwenda, akarudi akaniambia yule ndugu hataki kuniona, na nisipite mbele ya duka lake. Nikakubali. Nazunguka kwa nyuma mpaka leo. Kwangu hiyo ilikuwa afadhali mara mia kuliko kukutana ghafla, sote wawili tukashikwa na hofu, na mmoja akaokota jiwe.

Kwa hivyo sipingi mwathiriwa kuambiwa. Hofu yangu ni habari kusambaa. Simu ikipigwa kwa mtu mmoja, jioni mtaa mzima unajua, na mimi bado sijashuka kwenye matatu. Nyote mnajua huku mtu akipigiwa kelele za mwizi anafanywa nini, na hakuna anayeuliza kama alishamaliza kifungo. Mkiandika sheria, andikeni pia nini hakisemwi: saa ya kutoka isisemwe, nyumba ninayokwenda kulala isisemwe, na jambo hili lisitangazwe kwenye baraza la chifu.

---

Mama wa Changamwe

Mwanangu wa Shimo, umesema kwa adabu na nimekusikia. Sasa nisikize mimi.

Mimi aliyeumizwa ni binti yangu, akiwa na miaka kumi na mitatu, na aliyemuumiza ni mtu tuliyemjua. Sitasema zaidi ya hapo. Wazee walikuja nyumbani kutaka maslaha, yaani tumalizane nje ya korti, wakataja pesa, wakataja aibu, wakasema mtoto atakosa mume. Nikawatilia chai, walipomaliza nikawaambia kesi inaendelea. Baadaye nikaelezwa kwamba hata ningekubali nisingekuwa na mamlaka: kesi za Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 hazifutwi na familia wala na wazee, uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kina mama mnaosoma hapa, kumbukeni hilo siku wazee watakapowajia.

Alifungwa miaka ishirini. Ndiyo adhabu ya chini kwa mtoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano. Halafu mwaka 2022 Mahakama Kuu kule Machakos ikasema adhabu hizo za chini hazipaswi kuwafunga mikono mahakimu, na wafungwa wakaanza kuomba wapunguziwe. Muda wote huo nilikuwa nikilala na redio. Ilipofika Julai 2024 Mahakama ya Juu ikasema adhabu zilizowekwa na Bunge zinabaki. Katika kipindi chote hicho, mimi mzazi, kila nilichokijua nilikipata kwenye taarifa ya habari.

Nimefanya hesabu ya dada wa Mlaleo. Thuluthi ya ishirini ikitoka, inabaki miaka kumi na mitatu na miezi minne. Binti yangu wakati huo atakuwa mtu mzima, pengine ameolewa, pengine yuko kwa watu ambao hajawahi kuwaeleza. Je, simu hiyo ndiyo imkute amekaa sebuleni na mama mkwe?

Kwa hivyo ninachotaka ni kuulizwa kwanza. Aulizwe anataka kuambiwa au hataki. Aulizwe aambiwe yeye au niambiwe mimi. Na aweze kubadilisha jibu lake akiwa mkubwa. Kuna watu wataka kujua tarehe, na kuna ambaye akiijua hatalala mwaka mzima kabla haijafika. Wote wana haki.

---

Mswahili wa Louisville

Salamu kutoka Kentucky, mimi ni mtoto wa Majengo. Mji ninaoishi ndio ulioanzisha simu hizo mnazozizungumzia, kwa hivyo acheni nieleze.

Desemba 1993 msichana aitwaye Mary Byron aliuawa hapa kwa risasi siku aliyotimiza miaka 21. Aliyemuua ni mpenzi wake wa zamani, ambaye alikuwa amekamatwa kwa kumteka na kumbaka. Mtu alimwekea dhamana akatoka, na familia ya msichana haikuambiwa. Mwaka uliofuata, 1994, kaunti hii ikaanzisha mtambo wa simu uitwao VINE. Kompyuta ya jela ikiandika kwamba fulani ametoka au amehamishwa, mtambo unampigia mwenyewe aliyejiandikisha. Baadaye ukaenea majimbo mengi ya Marekani. Anayejiandikisha ni mwathiriwa kwa hiari yake, hiyo inajibu la Mama wa Changamwe. Tena unaweza kupiga wewe mwenyewe ukauliza, si lazima ungoje.

Kule California wapiga kura walipitisha sheria mwaka 2008 inayoitwa kwa jina la Marsy Nicholas, mwanafunzi aliyeuawa 1983. Mamake alikutana na mshtakiwa dukani wiki moja tu baada ya mauaji, naye yuko nje kwa dhamana, na familia haikuwa na habari. Niliposoma ya mama yako na Kongowea, dada, nilisimama kidogo. Sheria ile inampa mwathiriwa haki ya kuarifiwa akiomba, na ya kusikizwa mfungwa anapofikiriwa kuachiliwa mapema.

Nikiri pia kwamba mtambo haulindi mtu. Simu inakuambia ametoka. Ukiwa huna pa kwenda wala wa kumpigia, umebaki na habari peke yake. Msije mkadhani kazi imekwisha siku simu zitakapoanza kulia.

---

Mkaazi wa Mlaleo

Nimesoma yote. Ahsanteni, na Mama wa Changamwe, Mola akulindie binti yako.

Ndugu uliyetoka Shimo, nakujibu wewe kwanza. Ulichofanya, kumtuma mzee aende mbele, ndicho tulichokikosa sisi. Laiti mtu angetufikia kabla, akatuambia fulani anatoka mwezi ujao, mnaonaje, mdogo wangu angesema kama wa kwako alivyosema: asipite kwetu. Angepata nafasi ya kusema jambo moja na likaheshimiwa. Naamini hata kazi asingeiacha, maana kinachomtisha si kijana yule peke yake, ni kutojua yuko wapi na anataka nini. Hivi sasa hana uhakika kama kijana anamkumbuka.

Na nakubaliana nawe kuhusu mtaa. Sisi hatutaki mtu achomwe. Mdogo wangu alikwenda kortini akasema kwa mdomo wake, akaacha serikali iamue. Angetaka vijana wamalizane naye asingesubiri kesi miaka yote ile.

Kijana wa Likoni, hata ikiwa tisa kamili, siku ya mwisho ya mwaka wa tisa atatoka, na bado hakuna atakayetuambia. Urefu wa kifungo hauponyi tatizo hili.

---

Probesheni Mstaafu

Nilifanya kazi ya probesheni Pwani mpaka nikastaafu, kwa hivyo niwaambie mambo yanavyokwama kwa kweli.

Hakimu akitaka ripoti ya dhamana au ya kabla ya hukumu, afisa anatoka. Anafika nyumbani kwa mshtakiwa, anamwona chifu au mzee wa mtaa, na anamtafuta mwathiriwa amuulize anaogopa nini na anataka nini. Faili likirudi Mahakama Kuu adhabu ipitiwe upya, vivyo hivyo. Baada ya Mahakama ya Juu kuamua Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, kwamba hukumu ya kifo isiwe ya lazima kwa mauaji, tuliandika ripoti nyingi sana za aina hiyo. Nimeketi kwenye mikeka ya familia ambazo hazikuwa na habari kwamba kesi ya marehemu wao imefufuka. Unagonga hodi, unajitambulisha, unamtaja mfungwa, na mama wa nyumba anakaa chini bila kusema kitu. Mara nyingi mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kwanza wa serikali kuwatembelea tangu maziko.

Mtu akitoka kwa remisheni, ripoti hiyo haiagizwi na mtu, kwa hivyo hakuna anayetembea. Hapo dada amepiga penyewe.

Lakini hata afisa akitajwa kwenye sheria, atakwama kwa sababu ya nambari ya simu. Nambari iliyopo ni ile iliyoandikwa polisi siku ya kutoa taarifa. Miaka sita baadaye laini imekufa, watu wamehama, nyumba ya kupanga ina wapangaji wengine. Nimewahi kumtafuta mwathiriwa kutoka Bamburi mpaka Mariakani, nikampata kwa kuuliza kwenye kanisa lake la zamani. Kwa hivyo siku ya hukumu, kabla watu hawajatawanyika kortini, mwathiriwa ajaziwe fomu: anataka kuarifiwa au la, kwa nani, nambari yake, na nambari ya ndugu asiyehama. Na apewe mahali pa kubadilisha.

Fomu hiyo isiwekwe kwenye faili la kesi. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona. Mshtakiwa ana haki ya kupewa taarifa za mashahidi ili ajitetee, na ni haki ya Katiba, sawa kabisa. Ikiwa nambari mpya ya mwathiriwa imo humo, mmemwonyesha mshtakiwa pa kumpata. Ikae ofisi ya probesheni, jela iwe na namba ya rejea tu. Miezi mitatu kabla ya tarehe, jela iiarifu probesheni, probesheni imtafute mtu. Huo muda si anasa. Unatosha kwenda nyumba zote mbili, ya aliyeumizwa na ya anayetoka.

---

Kijana wa Likoni

Mzee, heshima yako. Na hawa watoto? Wengi waliokuwa wakishika mapanga walikuwa chini ya miaka kumi na minane. Hao hawaendi jela.

---

Wakili wa Treasury Square

Swali zuri. Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka umri wa kubeba kosa la jinai kuwa miaka kumi na miwili. Mvulana anaweza kupelekwa Borstal, yaani taasisi ya kurekebisha vijana, na Pwani tunayo hapo hapo Shimo la Tewa, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Remisheni ya kifungu cha 46 haihusiki naye. Mtoto analindwa asitajwe hadharani, na ulinzi huo usiguswe, lakini hauzuii kumweleza mwathiriwa kwa faragha kwamba muda umekwisha.

---

Mama wa Changamwe

Na fidia? Nimesikia kuna mfuko.

---

Wakili wa Treasury Square

Sheria ya 2014 imeunda Bodi ya Ulinzi wa Waathiriwa na imeweka mfuko wa waathiriwa. Korti nayo inaweza kuamuru mkosaji alipe fidia. Mama, hilo linataka uzi wake, nitaufungua. Tusilichanganye na hili, maana tukibeba yote kwa pamoja hakuna litakalofika.

---

Mkaazi wa Mlaleo

Basi nimeandika rasimu. Katiba, ibara ya 119, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni kuhusu jambo lolote lililo ndani ya mamlaka ya Bunge, pamoja na kutunga au kubadilisha sheria. Rasimu inasema hivi:

Sisi wakaazi wa Mombasa tunaomba Sheria ya Magereza ibadilishwe ili jela iwe na wajibu wa kuiarifu ofisi ya probesheni, miezi mitatu kabla, tarehe ya kutoka ya kila mfungwa aliyefungwa kwa kumuumiza mtu. Ofisi hiyo iwe na wajibu wa kumwarifu mwathiriwa aliyesema anataka kuarifiwa, kwa njia aliyoichagua mwenyewe. Mfungwa akitoka kwa amri ya ghafla, ya rufaa au ya kupitiwa upya adhabu, aarifiwe siku hiyo hiyo. Saa ya kutoka na mahali anapokwenda kuishi visitajwe. Mwathiriwa aulizwe kama ana sharti analoomba, na mfungwa aelezwe sharti hilo kabla hajatoka. Na kamati ya msamaha wa Rais ilazimike kutafuta maoni ya mwathiriwa.

Wakili, angalia hilo la mwisho.

---

Wakili wa Treasury Square

Hilo la mwisho, ukiliandika hivyo, watakujibu kwamba unataka Katiba ibadilishwe, na hapo ombi litalala. Pitia mlango mwingine. Ibara ya 133(3) imempa Bunge kazi ya kuweka utaratibu wa kamati, na Sheria ya Uwezo wa Kusamehe ya 2011 ipo tayari. Omba sheria hiyo ya 2011 iitake kamati imtafute mwathiriwa na kumpa nafasi ya kusema. Uzito watakaoyapa maoni yake utabaki kwao, kama Katiba inavyotaka.

Na pale uliposema "sharti": mtu aliyemaliza kifungo ni mtu huru. Huwezi kumzuia kupita barabara bila amri ya korti. Andika "ombi la mwathiriwa". Akilivunja na kumtishia, basi hilo ni kosa jipya na polisi wanalo la kufanya.

---

Alitoka Shimo

Ongezeni jambo moja. Mfungwa aambiwe kwamba mwathiriwa amearifiwa. Mimi ningejua yule ndugu anajua ninatoka, nisingekaa nyumbani siku zile za kwanza nikiogopa kila anayebisha hodi.

Hiyo miezi mitatu ya mzee wa probesheni nayo isipunguzwe. Huo ndio wakati mtu yuko tayari kusikia. Akishafika nje anatafuta kazi na pa kulala, hana masikio tena.

---

Mkaazi wa Mlaleo

Nimeongeza, na "sharti" limekuwa "ombi". Mdogo wangu ameisoma rasimu nzima usiku huu. Ameuliza ndugu wa Shimo atatia sahihi au hapana.

---

Alitoka Shimo

Nitatia. Mwambie nitakuja na mzee, na kama hataki nije nitamtuma mzee peke yake na karatasi.